Kabla hujatangaza umri wa kundi la nyota, hesabu kwanza wanachama wake

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Amepima kundi changa la nyota, amepata umri wa miaka milioni 3, anauliza kama sasa apeleke makala jaridani. Nikamuuliza: umejuaje kwamba nyota hizo zote ni za kundi hilo? Mpaka leo kimya. Simlaumu, swali hilohilo liliwahi kuninyima usingizi.

Makala yangu ya kwanza ilihusu kundi la nyota 86. Nilichora mchoro wa rangi na mwangaza wa kila nyota, nikatelezesha juu yake mkunjo wa umri, yaani mstari wa mahali nyota za umri mmoja zinapotarajiwa kukaa, mpaka ukakaa: umbali wa parseki 2,200 (parseki moja ni miaka ya nuru 3.26 hivi), umri wa miaka milioni 2. Nilifurahi kupita kiasi. Mhakiki wa jarida aliirudisha makala kwa sentensi mbili, na ya pili ilisema, "Mwandishi amepima vumbi." Bado inaniuma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nyota za moto sana husimama karibu wima kwenye mchoro ule, kwa hiyo ukizipandisha au kuzishusha, macho hayakuonyi sana. Mimi nilitumia kanuni ya kawaida, kwamba vumbi la angani hufifisha mwanga mara 3.1 ya wekundu uliozidi, yaani kiasi ambacho vumbi huifanya nyota ionekane nyekundu kuliko ilivyo. Lakini ndani ya mawingu ambamo nyota zinazaliwa, chembe za vumbi huwa kubwa zaidi na kizidishi hicho hupanda. Kwa baadhi ya nyota za Orion, eneo la angani ambako nyota zinazaliwa, hufika 5.5 hivi. Wekundu ukizidi kwa magnitudi 0.5 tu (magnitudi ni kipimo cha mwangaza wa nyota), ukatumia 3.1 badala ya 5.5, umeshakosea magnitudi 1.2, na kila magnitudi moja ya vumbi unayoisahau husukuma kundi mbali mara 1.58. Mwaka 2018 zilipotoka paralaksi za chombo cha angani cha Gaia, yaani vipimo vya umbali kwa jinsi nyota inavyoonekana kuyumba Dunia inapozunguka Jua, kundi langu lilirudi parseki 1,400. Gawanya 2,200 kwa 1,400 uone.

Umri nao ukavunjika. Mwendo wa nyota angani ulionyesha kwamba 31 kati ya zile 86 ni wapita njia, nyota za karibu nasi zilizoangukia tu kwenye picha. Ukiiweka nyota ya karibu kwenye umbali wa kundi, itaonekana inang'aa kuliko ilivyo, na kung'aa kupita safu kuu, ule mstari wa nyota zilizokomaa kwenye mchoro, ndiyo dalili ya nyota changa ambayo bado inasinyaa. Zilikuwa zinajifanya vichanga! Nyota pacha nazo, ukiziona kama moja, huongeza hadi magnitudi 0.75. Nilipozisafisha zote, umri ukapanda hadi miaka milioni 5.

Wakubwa pia walivutana. Kilimia, kundi linaloonekana kwa macho matupu, chombo cha Hipparcos kilichoitangulia Gaia kililiweka kwenye parseki 120 hivi, ubishi ukadumu karibu miaka 20 mpaka Gaia ilipothibitisha takriban 136. Wewe na mimi ni nani tuharakishe?

Ndugu zangu, tuache tamaa ya namba nzuri. Anza na wanachama, kwa mwendo na paralaksi. Halafu vumbi, nyota kwa nyota, si wastani mmoja kwa kundi zima. Mkunjo wa umri uje mwisho. Narudia, mwisho.

Nawe uliyeniandikia, nitumie jedwali la nyota zako pamoja na mwendo wa kila moja. Tutazipitia pamoja, hata zikiwa mia.