Jibu: Kwa nini kikundi cha wabunge wa vyama vyote hakikuwajibu

Umeuliza kwa nini kikundi cha wabunge wa vyama vyote huko Uingereza, kinachoshughulikia malaria, kilipokea barua ya asasi yenu kwa upole halafu kikanyamaza.

Mara nyingi kasoro iko kwenye ombi. Vikundi hivi si kamati za Bunge: haviwezi kumlazimisha waziri kufika mbele yao wala kugusa bajeti. Ukiwaambia "ongezeni fedha za afya", hawana pa kushika. Ombeni jambo ambalo mbunge mmoja anaweza kulifanya wiki hii, mfano swali la maandishi kwa waziri. Liandikeni nyinyi wenyewe, sentensi moja inayodai tarakimu: "Katika mwaka wa fedha uliopita, kiasi gani kilitengwa kwa vyandarua, na kiasi gani kimetumika?" Ukiuliza serikali ina mpango gani, utapewa hotuba.

Halafu fungueni rejista ya vikundi hivi, ile inayochapishwa na Bunge. Tangu 2024, kwa kanuni mpya, viongozi wa kikundi hawazidi wanne na wanachama hawapungui 20. Katika rejista hiyo mtaona pia nani anaendesha sekretarieti. Aghalabu ni asasi ya nje, na kwa kweli ndiyo inayopanga ratiba, kwa hiyo iandikieni hiyo, nakala kwa mwenyekiti. Barua ya mkupuo kwa wabunge wote haisomwi.

Angalieni na kalenda. Bunge likivunjwa kwa ajili ya uchaguzi, vikundi vyote hufa na lazima visajiliwe upya, mara nyingi na sura nyingine kabisa.