Anayedokoa habari za watu tumwiteje?

Mhariri,

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji ni neno lipi la Kiswahili linalobeba vyema maana ya neno la Kiingereza "snoop", yaani kuchungulia kwa siri mambo ya watu yasiyokuhusu, na wengi wakajibu "umbeya" au "udaku". Kwa heshima, sikubaliani nao. Kazi ya mbeya ni ya ulimi: anaweza asichungulie dirisha la mtu maisha yake yote, habari ikamfuata mwenyewe barazani, naye akaifikisha nyumba ya pili. Yule anayekusudiwa na Waingereza, hata asipomsimulia mtu alichokiona, kosa lake limekwisha timia pale alipofungua barua isiyo yake.

Asili ya neno inaonyesha hivyo. Waholanzi wana kitenzi "snoepen", yaani kula vitu vitamu, na zamani hasa kuvila kwa kificho. Kutoka kwao Wamarekani, ambao New York yao ilikuwa chini ya Waholanzi hadi mwaka 1664, walilipata neno hilo, na katika karne ya 19 likahama kutoka kwenye chakula hadi kwenye mambo ya watu. Nilipolijua hili nilifurahi mno, kwa sababu jambo lile la mwanzo sisi tuna neno lake. Nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, mama alipokuta samaki wa nazi amenyofolewa na kifuniko kimerudishwa juu ya chungu, hakuuliza nani ameiba. Aliuliza nani amedokoa. Udogo wa kinachochukuliwa, usiri, ukaribu wa mtendaji na mwenye mali, hata kile kifuniko kilichorudishwa kwa uangalifu, vyote vimo katika "snoop".

Hata hivyo, "kudokoa" peke yake kutampeleka msikilizaji jikoni. "Kupekua" hakutoshi, kwani askari mwenye hati naye hupekua bila kulaumiwa, na "kudukua" siku hizi kumeshikwa na wanaoingilia kompyuta na simu. Linalobaki ni "kudoya", kwenda huku na huku ukitafuta habari kwa siri, na ndilo ninalolipendekeza. Wapo watakaosema limekufa. Mimi nimelisikia mwaka huu huu katika soko la Mgandini, bibi akimwambia mjukuu wake, "Wadoya nini humo mkobani?", na mtoto akautoa mkono papo hapo.

Msomaji wenu, Tanga