Kiangazi hupikwa kifuku

Mwanangu,

Umeniuliza kama daftari langu la mapishi la 1983, uliloondoka nalo ulipoolewa, bado linamfaa mke anayeachiwa elfu saba kwa siku. Nitakujibu, ila kwanza nikwambie habari ya ukurasa uliochanwa.

Mwaka ule sukari foleni, sabuni foleni, unga ni yanga, ule wa njano. Tukaletewa mwalimu wa kutufundisha wake wapya kubana matumizi. Somo la kwanza keki. Mayai manne, siagi, sukari kikombe kizima! Nikanyoosha mkono, nikauliza mlenda mkavu unaingia fungu gani la chakula bora. Akasema, "Ule mtelezo? Si mboga ya kumwekea mume." Wenzangu wakacheka. Nami nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: mlenda si mboga. Kucheka kwao nilishasahau. Kuandika kwangu ndiko kunakoniuma.

Novemba ikafika, mvua hakuna, sokoni hakuna jani. Bibi yako akafungua kibuyu, akachota konzi mbili za mlenda aliokausha na kutwanga tangu Machi. Maji yakachemka, akatia chembe ya magadi, akawa ananyunyiza huku anakoroga bila kufunika maana hufurika, mwisho karanga za kutwanga. Tulikula watu saba kwa ugali wa uwele. Usiku ule nikauchana ukurasa. Kiangazi hupikwa kifuku, majira ya mvua, nimekuimbia hivyo tangu nakubeba mgongoni.

Lakini nisimwonee mwalimu. Ni yeye aliyenifundisha kuanika majani kivulini, jua kali lisiunguze vitamini, na kupunguza magadi, maana nayo huziharibu. Bibi yako alianika juu ya mwamba mchana kweupe. Basi daftari linafaa? Kurasa za kuanika, ndiyo. Za keki, hapana... ingawa ile ya sikukuu uliipenda.

Kama elfu saba zinatosha au mkwe wangu aongeze, hilo ni la chumbani kwenu. Ulimi unaniwasha, lakini sisemi.

Sasa ni Februari, mlenda umejaa soko la Majengo. Nunua mafungu mengi, uanike kwenye ungo barazani. Kibuyu cha bibi yako nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Kina ufa shingoni, nimeuziba kwa nta. Usikiweke karibu na jiko.

Mama yako