Kifurushi cha vinywaji melini: pigeni hesabu ya chumba, si ya mtu mmoja

SWALI: Kaka, salamu kutoka Houston. Mwezi wa 12 tunapanda meli ya kitalii pale Galveston, safari ya usiku 7 kupitia Cozumel, Costa Maya na Roatán. Tutalala watatu chumba kimoja: mimi, mume wangu na mama mkwe. Mama ni mlokole, pombe hajawahi kuigusa, na ana kisukari. Mume wangu akiwa likizo hunywa bia nne hivi na wiski mbili kwa siku. Mimi glasi mbili za mvinyo jioni, basi. Tumeambiwa kifurushi cha vinywaji, yaani kulipa kiasi kimoja kwa siku badala ya kulipia kila glasi, ni dola 70 kwa siku kwa kila mtu, juu yake asilimia 18 ya huduma, na kwamba mmoja wetu akinunua, watu wazima wote wa chumba wanunue pia. Kweli mama alipishwe pombe, au tunapigwa? Na hicho kifurushi kina faida yoyote? Mume wangu anatumia dawa za presha, na majini hubandika kile kiraka cha kuzuia kichefuchefu nyuma ya sikio.

JIBU: Hampigwi, dada. Sharti hilo lipo, na kampuni kubwa za meli za Marekani kama Carnival na Royal Caribbean zinalo. Mtu mmoja mwenye miaka 21 au zaidi akichukua kifurushi cha pombe, wenzake wa umri huo waliomo chumba kile kile nao wanatakiwa kuchukua. Sababu yake niliiona kila siku nilipokuwa nyuma ya kaunta ya baa melini, kabla sijaingia kwenye uwakala wa safari. Mume ananunua, mke hanunui, halafu kila raundi bwana anaagiza bia na glasi ya mvinyo, anabeba zote mbili hadi mezani. Kampuni ikaona njia rahisi ya kuziba mwanya huo ni kulipisha chumba kizima.

Kwa hiyo swali la "je, mume wangu anakunywa kiasi cha kurudisha dola 70?" haliwasaidii. Watu wengi wanalianzia hapo, na ndipo wanapoumia. Tupige hesabu ya chumba chenu.

Dola 70 ukiongeza asilimia 18 inakuwa dola 82.60 kwa mtu kwa siku. Mko watatu: dola 247.80 kila siku. Zidisha kwa siku 7, ni dola 1,734.60. Sasa chukua mnavyokunywa kweli. Baa za meli hizi bia moja tuseme ni dola 8, wiski dola 12, glasi ya mvinyo dola 12, soda dola 4. Shemeji bia nne na wiski mbili ni dola 56. Wewe glasi mbili ni dola 24. Mama tumwekee soda mbili za sukari sifuri, dola 8. Jumla dola 88, na asilimia 18 ya huduma inafika dola 103.84. Kwa siku 7 ni dola 726.88. Yaani kifurushi kingewagharimu zaidi ya dola 1,000 juu ya kile ambacho mngelipa mkinunua kinywaji kimoja kimoja.

Utasema labda likizoni shemeji atazidisha. Haya, tumpandishe: bia sita na wiski tatu kila siku. Hiyo ni dola 99.12 pamoja na huduma, na yeye peke yake kifurushi kingemlipa. Lakini ukijumlisha glasi zako mbili, nyie wawili mnafika dola 127.44, wakati vifurushi viwili ni dola 165.20. Hata mama angekuwa chumba kingine, bado mnapoteza. Kifurushi kinamfaa mtu anayelala peke yake na anakunywa kweli, au chumba ambacho wote wanakunywa kwa kasi moja. Chumba chenu si hicho.

Tena hapo nimewahesabia siku zote 7 kana kwamba mko melini kutwa. Njia yenu ina siku tatu za bandarini. Cozumel mtashuka asubuhi, mtakula samaki na kunywa kitu huko huko mjini kwa pesa zenu, mtarudi jioni. Nchi kavu kifurushi hakifanyi kazi. Visiwa binafsi vya kampuni navyo vinatofautiana: Royal Caribbean wanakikubali kwenye kisiwa chao cha CocoCay, ila kifurushi cha Carnival kwa miaka mingi hakikutumika kisiwani Half Moon Cay, ingawa kisiwa ni cha kampuni. Safari yenu haifiki huko, lakini najua mtakwenda tena.

Kuondokea Galveston kuna jambo lake pia. Texas ina sheria zake za pombe na kodi zake, na meli ikiwa bandarini zinaihusu. Ndiyo maana kifurushi cha Carnival kwa safari za kutoka pale huanza siku ya pili. Vinywaji vya siku ya kwanza unalipia, na kodi ya jimbo inaongezwa kwenye risiti. Kabla ya kubonyeza kununua chochote, angalia ankara imehesabu siku ngapi.

Kuhusu mama. Usikubali alipishwe kimya kimya. Piga simu kampuni kabla ya safari, si siku ya kupanda, ueleze kwamba ni mtu wa imani isiyoruhusu pombe na ana kisukari. Kwa sababu za dini, afya au ujauzito, wahudumu wa simu mara nyingi wana namna ya kumwondoa mtu kwenye sharti hilo, au kumwekea kifurushi cha vinywaji visivyo na pombe ambacho ni nafuu zaidi. Omba jibu kwa barua pepe uende nalo. Ahadi ya mdomo ya mtu wa simu haisomeki kwenye kompyuta ya mtu wa mapokezi.

Ila hata hicho kisicho na pombe, kwa mama sikishauri. Nimetengeneza piña colada zisizo na pombe kwa mamia. Ndani yake ni juisi ya nanasi, krimu ya nazi iliyotiwa sukari ya kutosha, na barafu. Mara nyingi inatoka tayari kwenye mashine inayozunguka, mhudumu anafungua koki tu. Mtu mwenye kisukari akiambiwa "haina pombe, mama, kunywa tu" na kifurushi kimeshalipiwa, sukari itapanda kabla ya chakula cha mchana. Maji ya kunywa, chai, kahawa ya kawaida na chai ya barafu ni bure kwenye mkahawa wa bufee, na hivyo vinamtosha. Juisi ya asubuhi na maji ya limau ya bufee ni bure pia, lakini yana sukari yake. Kapuchino na espreso za kwenye kibanda cha kahawa ndizo zinazolipiwa.

Sasa nije kwa shemeji, na hapa naomba umsomee mwenyewe.

Kifurushi cha Carnival kina kikomo cha vinywaji 15 vya pombe kwa saa 24, zinazohesabiwa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 asubuhi ya pili. Ukivifikisha, mfumo unakataa, na hata ukitoa pesa mkononi huuziwi. Watu wanaisikia namba hiyo na kuidhani ni kipimo ambacho daktari ameridhia. Hapana. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, kinamhesabu mwanamume kuwa mnywaji kupindukia akifikisha vinywaji 15 kwa wiki. Kwa mwanamke ni 8. Wanachoruhusu melini kwa siku moja ndicho kinachotajwa kuwa hatari kwa siku saba. Na Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya.

Halafu "kinywaji kimoja" cha mfumo si kinywaji kimoja cha mwilini. Kipimo cha Marekani ni gramu 14 za pombe halisi: bia ya mililita 355 yenye asilimia 5, au mvinyo mililita 148 wa asilimia 12, au pombe kali mililita 44 ya asilimia 40. Baa tunapima pombe kali kwa kikombe kidogo cha chuma, na wiski moja ni mililita 44 hizo. Lakini chukua kokteili iitwayo Long Island Iced Tea: vodka, jini, ramu, tekila na triple sec (pombe tamu ya machungwa), zote glasi moja, juu yake maji ya limau na kola ya kufichia. Mfumo unaandika moja. Ini linapokea zaidi ya moja, na kasi yake ya kusafisha ni kama kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa, hata ulipie shilingi ngapi. Kahawa haiharakishi, kuoga maji baridi hakuharakishi.

Kile kiraka anachobandika ni skopolamini, kinakaa hadi saa 72, na chenyewe kinaleta usingizi na kukausha mdomo. Kikichanganyika na pombe usingizi unazidi na mtu anapepesuka. Vidonge vya meklizini, ambavyo wengi hununua bila cheti, vina tabia hiyo hiyo. Dawa za presha nazo: pombe, jua la Cozumel na kutokwa jasho vikikutana, presha inaweza kushuka ghafla anaponyanyuka kitini. Mimi si mfamasia. Aende duka la dawa analochukulia dozi zake, aweke chupa zote mezani pamoja na kiraka, aulize. Ni mazungumzo ya dakika tano, na Marekani mfamasia hatozi kwa kuulizwa.

Nasisitiza hili kwa sababu hatari kubwa ya kifurushi nimeiona inaanza pale mtu anapoanza "kufidia hela". Saa tano asubuhi hana kiu, hana hamu, anaagiza bia kwa kuwa ameshailipia. Jioni haioni ile filamu ya sitahani aliyoitamani, yuko chumbani amelala na viatu. Akianguka kwenye ngazi, hospitali ya melini inatoza kwa bei zake na bima nyingi za Marekani hazilipi moja kwa moja. Na bima za safari zenyewe kwa kawaida zina kifungu kinachokataa madai ya ajali iliyotokana na ulevi. Tafuteni kifungu hicho kwenye bima yenu, kisomwe na wote wawili.

Mna njia nyingine za kupunguza gharama. Carnival na Royal Caribbean wanamruhusu kila mtu mzima apande siku ya kwanza na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, kwenye begi la mkononi. Wewe na shemeji mna chupa mbili hapo, na chupa moja inatoa glasi tano. Jioni zako tano zimeshapata glasi mbili mbili. Mkiipeleka chupa kufunguliwa kwenye mkahawa watatoza ada ya kufungua. Mkinywea chumbani au kibarazani hamlipi. Konyagi mwambie aiache nyumbani. Mabegi yanapita kwenye mashine ya eksirei, chupa inaonekana kama ilivyo, na begi lako linaishia chumba cha usalama hadi ulifuate na kujieleza mbele ya watu. Tekila atakayonunua Cozumel itachukuliwa mlangoni wakati wa kurudi melini na atakabidhiwa mwisho wa safari. Mkishuka Galveston, maofisa wa jimbo watadai kodi yake.

Na kama baada ya haya yote bado mnataka kifurushi, kinunueni mtandaoni kabla ya safari. Melini bei kwa kawaida huwa juu zaidi. Kabla ya siku ya kuondoka mnaweza kukifuta na kurudishiwa, na kwa Royal Caribbean bei ikishuka katikati mnafuta cha zamani na kununua kipya kwa bei hiyo. Safari ikishaanza, hamrudishiwi. Kisha shemeji asimpe mtu mwingine kinywaji chake, hata wewe. Wahudumu wameagizwa kulitazama hilo, na kampuni inaweza kumfungia kifurushi bila kumrudishia senti.

Jambo la mwisho ni la risiti. Mkinunua kinywaji kimoja kimoja mtaletewa karatasi ya kusaini, na chini yake kuna mstari wa kuongeza tipu. Ile asilimia 18 imeshaingizwa juu yake, tazama vizuri. Nimeona watu wakiandika asilimia 20 nyingine kwa mazoea ya mgahawani Houston, safari nzima, bila kujua. Kama mhudumu amewafurahisha, mpe, atashukuru na anastahili. Ila mtoe kwa kujua, na kila usiku mfungue bili kwenye programu ya kampuni muone kilichoingia kwa siku hiyo, kwa sababu kosa la jana linarekebishwa mapokezi kirahisi kuliko la wiki nzima asubuhi ya kushuka.