Muulize Babu wa Maabara: Karatasi imeandikwa "pozitivu", je, mtoto ni mgonjwa?

SWALI

Shikamoo Babu. Binti yangu ana miaka minne. Mwezi uliopita alishikwa na homa, tukampeleka zahanati. Malaria hawakuikuta, wakampima na sikoseli. Karatasi imeandikwa kwa mkono: "Sikilingi: pozitivu." Zaidi ya hapo sikuelezwa kitu. Homa imeisha, anakula, anacheza, ila nyumbani hapakaliki. Mimi ni wa Pangani, mume wangu kwao Lushoto, na mama mkwe anasema kule kwao milimani ugonjwa huo haujapata kusikika, nimeutoa mimi pwani. Je, mtoto anaumwa? Na ni kweli nimeuleta mimi?

Mama Zuhura, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Karatasi kama hiyo nimeziandika kwa mkono huuhuu miaka zaidi ya ishirini, kwa hiyo ngoja kwanza nikuonyeshe tulichokuwa tunakifanya nyuma ya lile dirisha dogo.

Mtoto anachomwa kidoleni, tone la damu linawekwa juu ya kioo. Unaongeza tone la dawa iitwayo sodiamu metabisulfaiti, ina harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na lazima uikoroge siku hiyohiyo kwa sababu ikilala inapoteza nguvu. Unafunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo kwa vaselini hewa isipenye, unasubiri. Ukirudi kwenye hadubini baada ya nusu saa, zile chembe nyekundu ulizoziacha mviringo, zimebonyea katikati, unazikuta zimejikunja na kuchongoka ncha mbili kama mundu. Ndiyo maana vitabuni wanauita selimundu.

Sasa hapa ndipo penye mtego. Dawa ile inanyonya oksijeni yote kwenye tone. Chembe za mtoto mgonjwa zitajikunja, na za mtu mzima wa afya aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu nazo zitajikunja. Kioo hakiwatofautishi. "Pozitivu" maana yake himoglobini (ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu) ya aina S, yenye kasoro, imo humo ndani, basi. Haisemi ni kiasi gani.

Nalijua hili kwa aibu. Mwaka 1983, kijana bado, nilimwambia mama mmoja dirishani, "Mtoto wako ana sikoseli," kwa kusoma kioo peke yake. Alijifunika kanga usoni akaondoka. Baada ya miezi minne akarudi na karatasi ya hospitali kubwa: mtoto ni AS, yaani amerithi S kwa mzazi mmoja tu na A, ile ya kawaida, kwa mwingine; haumwi. Hakunitukana. Aliiweka mezani, akanitazama, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Kipimo kilichomtoa mama yule kwenye kilio, kile cha kutenganisha himoglobini, kina historia yake. Mwaka 1945 daktari mmoja wa Marekani, William Castle, alimsimulia mwanakemia Linus Pauling kwamba chembe za wagonjwa hawa hujikunja damu ikishaishiwa oksijeni, na hunyooka ikiipata tena. Pauling hakuwa daktari, lakini akaunganisha haraka: kinachobeba oksijeni ni himoglobini, basi ubovu umo kwenye himoglobini yenyewe. Kazi ya mikono akampa kijana wake Harvey Itano kule Pasadena, California. (Itano huyo wakati wa vita alifungiwa kambini pamoja na wazazi wake kwa sababu asili yao ni Japani, na mwaka huohuo wa 1942 ndiye aliyekuwa mwanafunzi bora wa chuo chake. Huwa namkumbuka nikisikia watu wakihesabiana damu za koo.) Itano na wenzake walipitisha umeme kwenye himoglobini. Ya mtu mzima wa afya ikaenda kivyake, ya mgonjwa ikaenda kivyake. Na ya wale waliorithi upande mmoja? Ikajigawa, nyingine huku nyingine kule: wanazo zote mbili. Walichapisha mwaka 1949, na ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuoneshwa kuwa umekaa ndani ya molekuli moja.

Kosa lenyewe ni dogo kiasi cha kuudhi. Vernon Ingram, akiwa Cambridge mwaka 1956, aliikatakata himoglobini kwa kimeng'enya cha tripsini, akavitandaza vipande kwenye karatasi, akalinganisha madoa ya mzima na ya mgonjwa. Yote sawa, isipokuwa doa moja lililohama mahali pake. Alipolifungua akakuta asidi amino moja (ndiyo matofali ya kujengea himoglobini) imebadilishwa: palipostahili asidi ya glutamiki pamekaa valini. Asidi amino hushikana kama mnyororo; mnyororo wa himoglobini wenye kosa hilo una 146, kosa liko kwenye ya sita. Hiyo moja ndiyo inayovimbisha vidole vya mtoto na kumliza usiku.

Tuje kwa mama mkwe, maana naona yeye ndiye swali lako hasa.

Alikuwepo kijana mmoja, Anthony Allison, mtoto wa walowezi, amekulia shambani karibu na Gilgil, Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, alirudi na msafara wa chuo uliokuja Mlima Kenya, akazunguka nchini akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali na kuzipima, sikoseli ikiwemo. Akakuta jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na S. Katikati, kwenye nyanda za juu, hata mmoja katika 100 hakufika. Kitu kinachoua watoto, kwa nini kijae pwani na kikose mlimani? Yeye aliyekulia huku alijua mbu wanapokaa na wasipokaa.

Mwaka 1953 akarudi kuhakikisha. Alichukua wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wenye S ya upande mmoja na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria kisha akawatibu. Kamati za maadili za leo zisingemruhusu hata kuingia getini, na ni sawa zisimruhusu. Wasio na S, 14 walionekana na vijidudu. Wenye S, ni wawili tu. Akapima pia watoto wa Buganda, hali ikaelekea hukohuko. Alichapisha mwaka 1954, na wakubwa wengi wakachelewa kumwamini.

Kwa hiyo, Mama Zuhura, ni kweli watu wa Pangani wana S zaidi kuliko watu wa Lushoto. Mama mkwe hapo hajasema uongo. Lakini mababu zako hawakuokota laana: waliokuwa na S moja ndio waliopona malaria kali utotoni wakakua, wakazaa, hadi wewe. (Chandarua lakini tundika. S moja inapunguza makali, haifukuzi mbu.) Na "chache" ya milimani si "hakuna". Watu wanashuka Korogwe, wanaoa, wanapanda tena.

Hesabu ni hii. Ikiwa binti ni AS, haumwi, na S hiyo ametoa mmoja wenu. Inaweza kuwa wewe, inaweza kuwa baba yake. Ikiwa ni SS, basi kwa kawaida kila mmoja wenu amechangia S yake, na Lushoto nayo imo. Hakuna namna ya wewe peke yako kumpa mtoto S mbili. Na wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS. Kila mimba inaanza upya. Usidanganywe kwamba akishatangulia mgonjwa mmoja watatu wanaofuata ni salama.

Usikae na karatasi ya kioo. Nenda hospitali ya rufaa, omba kipimo cha kutenganisha himoglobini. Majibu yataandikwa AS au SS, waziwazi. Akiwa SS, mwanzisheni kliniki mara moja: kuna penisilini ya kumkinga kabla hajafika miaka mitano, foliki asidi, kinga ya malaria, na haidroksiyurea ambayo daktari atapanga dozi yake. Asipokuwa na dalili leo si sababu ya kuahirisha. Homa ikirudi kabla ya majibu, usimtibie nyumbani.

Mwende na baba yake, naye akapimwe. Na mama mkwe akitaka kuja, mchukue. Damu yake wanatoa kidogo tu.