Masikio Kwanza: Kwa Mnaojiunga na Timu ya Redio Kisiwani

Watu wapya wakijiunga na timu yetu ya redio ya ridhaa (ya wapenzi wanaowasiliana hewani, si ya matangazo), swali lao la kwanza huwa ni nguvu: amplifaya ni ya wati ngapi? Nawaelewa. Lakini ukiwa kwenye kisiwa cha mbali, kusikika si tatizo lako kubwa. Alama yako ya wito, yaani jina la kituo chako hewani la herufi na namba, ni adimu, watu watakutafuta wenyewe, na muda si mrefu utakuwa na kundi zima linalokuita kwa pamoja. Kazi inayobaki, nayo ndiyo itakayoamua nafasi yenu kwenye shindano, ni kuwasikia. Kutoka wati 100 hadi 1500 ni tofauti ya desibeli 12 hivi, yaani hatua mbili tu kwenye mita ya S, kipimo cha redio cha ukali wa ishara. Zinasaidia ninyi msikike. Hazikusaidii hata chembe kumsikia yule mwenye wati 100 na waya aliotundika mtini.

Nazungumzia hasa CQ World Wide, shindano la kuwasiliana na vituo vingi kadiri muwezavyo, kwa kuwa ndilo wengi wenu mtaanza nalo. Ni saa 48 mfululizo kuanzia 00:00 UTC Jumamosi. La sauti ni mwisho wa Oktoba, la Morse mwisho wa Novemba. Bendi, yaani vipande vya masafa vinavyoitwa kwa urefu wa wimbi, ni sita: mita 160, 80, 40, 20, 15 na 10. Mkiwasiliana na mtu wa bara jingine mnapata alama 3, kisha jumla ya alama inazidishwa kwa idadi ya nchi na kanda (maeneo yenye namba ambayo dunia imegawanywa) mlizopata katika kila bendi. Ndiyo sababu timu nyingi huenda Visiwa vya Kanari, Madeira au Cape Verde: kwa hesabu ya shindano huko ni Afrika, na Ulaya yenye waendesha redio wengi iko jirani, kila mmoja wao ana alama 3. Aruba na Curaçao nazo zinahesabiwa Amerika Kusini, na mbele yao iko Marekani nzima.

Mkifika, msikimbilie kilele cha kilima. Maji ya bahari hupitisha umeme takriban mara elfu kuliko udongo wa kawaida, na antena ya wima iliyosimama ukingoni mwa maji hutuma mawimbi yake chini chini kuelekea upeo wa macho, pembe inayofaa kwa masafa marefu. Huyapokea vilevile kutoka huko. Ukingoni maana yake ukingoni kweli: kwa bendi ya mita 20, mita chache kutoka majini. Sasa hapo ndipo wageni wa pwani wanapokosea. Wanafika siku za maji mafu, wanasimamisha antena mahali pakavu, halafu bamvua inaingia katikati ya shindano na kuzamisha kitako cha antena. Tazameni jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kuchimba hata shimo moja. Viungo vyote vya kebo vifungwe utepe wa mpira unaojishika, na vihami vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila siku, maana tabaka la chumvi likishaganda, cheche huanza kuruka na kelele yake mtaisikia kwenye kila bendi.

Kelele ndiyo adui, na nyingi mnakwenda nayo wenyewe. Kisiwa kisicho na nyaya za umeme kina ukimya ambao mtu wa mjini hajawahi kuusikia redioni. Mnauharibu kwa chaja za simu, taa za LED za bei nafuu na jenereta. Fanyeni hivi kabla ya jambo lolote: unganisheni redio moja kwenye betri, zimeni kila kitu kambini, sikilizeni bendi ya mita 80. Kisha washeni kifaa kimoja kimoja huku mmoja wenu amevaa hedifoni. Kitakachopandisha kelele kizimwe au kivishwe pete za feraiti, zinazovaliwa kwenye waya ili kuzuia kelele. Ni zoezi la saa moja hivi, na sijaona saa nyingine ya maandalizi inayolipa kiasi hicho.

Kelele nyingine ni ninyi kwa ninyi. Kanuni zinataka mitambo yote ya kurusha iwe ndani ya duara la kipenyo cha mita 500, na katika kundi la timu lenye mitambo mingi bendi zote sita zinaweza kuwa hewani kwa wakati mmoja. Angalieni masafa ya bendi za mita 80, 40, 20, 15 na 10: 3.5, 7, 14, 21, 28 megahezi. Kila moja ni kizidisho cha ile ya kwanza, kwa hiyo anayerusha kwenye 7 anamwaga mabaki yake kwenye 14, 21 na 28, masikioni mwa wenzake. Kila redio iwe na kichujio cha bendi yake. Baada ya amplifaya ongezeni kipande cha kebo cha robo ya urefu wa wimbi, kilichounganishwa pembeni ya kebo kuu, na waya wake wa kati na wa nje vikiunganishwa pamoja mwishoni: kinaruhusu masafa yake yapite na kuyameza yale ya mara mbili. Ni kifaa cha bei ndogo mno, na bado naona timu zinafika bila nacho.

Sasa kwenye kiti. Kundi likikuita utasikia mvurugo, na ndani yake labda herufi mbili. Ukisikia "Tango Mike" (yaani T na M), ita "Tango Mike" na ripoti ya jinsi unavyomsikia, usiite kitu kingine. Wakijibu watano ambao hawana herufi hizo, usimchukue hata mmoja, hata akiwa na sauti kali kuliko wote. Rudia herufi zilezile hadi mwenyewe ajibu. Hapa ndipo kundi linapokupima. Likiona unambadilisha mtu kwa sababu mwingine amepiga kelele zaidi, kila mtu atapiga kelele, na kasi yako itakufa. Likiona unashikilia neno lako, litanyamaza. Taja alama yenu ya wito kila baada ya mawasiliano moja au mawili, ili anayefika asikae akijiuliza ninyi ni nani.

Jihadharini na msaada wa programu. Programu ya kumbukumbu, ile mnayoandikia kila mawasiliano, inajua maelfu ya alama za wito na itakupendekezea ile inayofanana na uliyosikia. Andika uliyosikia, na ukiwa na shaka muulize. Vivyo hivyo namba ya kanda ambayo kila mmoja hutaja. Mmarekani anaweza kuhama pwani hadi pwani na kubaki na alama yake ya zamani, kwa hiyo kanda inayojijazia yenyewe kwenye kioo ni ya kukisia tu: inaweza kuwa 3, 4 au 5. Kwenye Morse ripoti hupigwa 5NN, yaani 599, N ikishika nafasi ya 9, na hakuna anayeisikiliza. Masikio yako yabaki kwa kile kinachofuata.

Zamu zipangwe kwa masikio pia. Mtu mwenye kusikia vizuri zaidi asipewe mchana wa mita 15, ambako ishara ni kali na yeyote anaweza kwenda mbio. Alazwe mapema, aamshwe kabla ya alfajiri akae kwenye mita 160 na 80, kwa sababu karibu na machweo na mapambazuko njia za mbali hufunguka kwa muda mfupi, na nchi moja iliyopatikana hapo ni kizidishi ambacho hakitarudi. Saa tatu au nne kwa zamu zinatosha. Anayepokea aketi kando ya mwenzake kwanza, na hedifoni ya pili, hadi ajue kundi linakwendaje.

Kazi ya kusimamisha antena iishe siku moja kabla, watu walale. Hili viongozi wa timu hulipuuza sana, nami nalitetea kwa nguvu zangu zote.

Mkimaliza, nakala za kumbukumbu ziwe kwenye flashi zaidi ya moja na zisafiri kwenye mabegi tofauti. Daftari hilo la kumbukumbu litumwe kwa waandaaji katika Cabrillo, muundo wa faili wa mashindano ya redio, ndani ya siku 5, bila kupambwa. Baadaye waandaaji hulinganisha madaftari ya wote: alama ya wito iliyoandikwa vibaya hufutwa, na adhabu juu yake. Ripoti ya makosa ikija, panga kila kosa kwa bendi, saa na jina la aliyekuwa zamu. Mkiona yamerundikana usiku wa pili kwenye redio moja, angalieni kwanza urefu wa zamu ile, halafu kelele za bendi ile, na ndipo mzungumze na mwendeshaji.