Kucheza na gari ya umeme kwenye theluji: soma hii kabla hujazima ESP (kompyuta inayozuia gari kuteleza)

Wadau, kila theluji ikianza kushika huku Norwei swali ni lile lile, "kaka hizi gari za umeme zinadrifti kweli au ni za kwendea kazini tu?" Kudrifti ndo kule kutelezesha nyuma ya gari kwenye kona kwa makusudi. Zinadrifti. Tena vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila zina tabia zake, na ukija na mazoea ya Toyota Mark II ya petroli utajikuta umekumbatia ukuta wa theluji huku bado unauliza imekuwaje. Na huku huwezi kulikwepa hili somo maana mwaka 2024 karibu gari mpya 9 kati ya 10 zilizouzwa Norwei zilikuwa za umeme, kuna vijana wanapata leseni hawajawahi kugusa klachi.

Tumalize la eneo kwanza. Parking ya supamaketi saa sita usiku sio uwanja wako hata kama haina mtu, sheria ya barabarani huku inaifuata gari popote inapotembea na polisi akikukuta unazungusha anaweza kuondoka na leseni yako hapo hapo, na bima nao hawatakuwa na huruma. Tafuta uwanja wa mazoezi ya utelezi, ule ule ambao kila anayetafuta leseni ya gari ndogo lazima apitie, wenyewe wanaita glattkjøring, vingine vina siku za wenye leseni tayari. Au klabu ya magari iliyosafisha duara juu ya ziwa lililoganda. Kwenye ziwa muulize mwenyeji unene wa barafu umepimwa lini na mwambie uzito wa gari yako, maana gari ya umeme ya familia mara nyingi inacheza kwenye tani 2 na alichopima yeye labda alikuwa anafikiria Volkswagen Golf ndogo ya zamani.

Sasa gari yenyewe. Jua mota iko wapi. Nissan Leaf inavuta kwa mbele, hiyo ukikanyaga kwenye kona pua inaenda moja kwa moja na hakuna mchezo wowote hapo zaidi ya kuhangaika na stering. Yenye mota nyuma peke yake, mfano Volkswagen ID.3 au Tesla Model 3 ya bei ya chini, ndo mwalimu mzuri kuliko zote kwa maoni yangu, nguvu zake sio za kutisha na kila unachofanya na mguu unakisikia kiunoni. Zenye mota mbili zinatoka kwenye kona kama zimerushwa, raha sana, ila zinakuficha makosa mpaka spidi iwe kubwa na hapo makosa yote yanakuja kwa pamoja. Kuna zilizotengenezwa kwa ajili ya utani huu, Hyundai Ioniq 5 N ina mpangilio wa kudrifti kabisa na unaweza kupeleka nguvu nyuma, Tesla Model 3 Performance ina Track Mode, mpangilio wa kuchezea uwanjani. Ukiwa nayo sawa, usiinunue kwa ajili ya theluji ya miezi michache.

Gari nyingi za kawaida hazikubali kuzimwa ESP mia kwa mia. Unabonyeza, taa inawaka, unajiona dereva wa rali, halafu nyuma ikianza tu kutoka kompyuta inakata nguvu na kushika breki tairi moja, mchezo umekwisha. Na inakata haraka kweli, maana mota ya umeme haina injini ya kusubiri ishushe mzunguko wala gia za kubadilisha, ndo sababu hizi gari ni salama sana ukiwa unaenda kazini asubuhi yenye barafu. Kwa hiyo soma kitabu cha gari yako ujue kinachozimika na kisichozimika kabla hujalipia uwanja.

Kitu ambacho watu hawakisemi sana ni ile breki ya kurudisha chaji. Kwenye petroli ukiachia mguu katikati ya utelezi gari inapungua taratibu, kwenye umeme ukiachia ghafla mota inageuka kuwa breki, na kama mota iko nyuma basi tairi za nyuma tu ndo zinashikwa, ni kama umevuta handibreki bila kukusudia. Kompyuta inawahi kuachia lakini kuna ule muda mfupi, na kwenye barafu muda mfupi unatosha. Weka ile breki kwenye kiwango cha chini kabisa kama gari inaruhusu. Halafu kuna mtego mwingine, betri ikiwa baridi au imejaa haipokei chaji vizuri, kwa hiyo mwanzo unaachia mguu na gari inateleza tu kistaarabu, baadae betri imeshapata joto na imepungua, unaachia vile vile na nyuma inakutoka. Gari ile ile, uwanja ule ule. Mimi napasha betri joto kabla ya kutoka nyumbani na sifiki uwanjani na asilimia 100.

Mguu wenyewe uwe wa mtu aliyewahi kupita matope ya masika na gari isiyo na four wheel, unalisha kidogo kidogo, unaangalia unakotaka kwenda sio unakoelekea, hukurupuki. Hapa umeme una faida kubwa, nguvu inakuja papo hapo na unaweza kuipima kidogo sana. Ila hakuna mlio! Petroli sikio linakwambia tairi zinazunguka bure, huku kimya, unaangalia dashibodi inasema 70 kumbe gari inatembea 20. Tairi zikiwa na kasi hiyo halafu zikute kipande cha lami kavu, gari inaruka upande inaoutaka yenyewe. Na handibreki sahau, ni kitufe, ukikishikilia ukiwa kwenye mwendo, kwenye gari nyingi kinasimamisha gari nzima kwa dharura badala ya kugeuza nyuma.

Uzito nao unasemwa vibaya. Watu wanasema gari nzito haisimami, lakini uzito huo huo unakandamiza tairi chini, kwa hiyo mita za breki hazitofautiani kihivyo. Kinachokuua ni barafu: kutoka kilomita 50 kwa saa lami kavu inakusimamisha kwenye mita kama 12 au 14, barafu tupu inaweza kukaribia 100, na hapo sijahesabu muda wa wewe kushtuka. Uzito unaanza kukusumbua gari ikishaanza kuzunguka, maana kuirudisha kunataka subira na nafasi, na ikigonga kitu inagonga kwa nguvu zaidi. Sasa betri iko chini ya sakafu yote, gari haipinduki kirahisi, lakini bonge la barafu gumu likipiga pale chini unaweza kupewa bili ya kukutoa jasho kwenye baridi hiyo. Kaa mbali na kingo.

Tairi wala tusibishane, za msimu wa baridi, sheria inataka kashata (kina cha mifereji ya tairi) isipungue milimita 3. Za misumari zinashika zaidi, ila kwa kujifunza napendelea zisizo na misumari, zinateleza ukiwa na mwendo mdogo, unapata somo lile lile kwa spidi ya baiskeli.

Ukimaliza, toa theluji iliyojikandika kwenye matao ya tairi kabla haijawa jiwe, stering itagoma njiani. Na kama utachaji, chaji muda huo huo wakati betri ina joto, ukisubiri mpaka asubuhi utakaa kwenye chaja mpaka chai ipoe.